Maoni ya marehemu baba yanatugawa: niyafute au niyaache?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa. Baba yangu alifariki Toronto, Kanada, miezi michache iliyopita, na hukohuko akazikwa. Aliondoka hapa mwishoni mwa miaka ya sabini akiwa kijana, akaenda kusoma, akabaki. Usiku alifanya kazi katika bohari la vifurushi, asubuhi akaandika kabla ya kulala. Hakuwa mwandishi wa kujulikana, lakini magazeti ya huku na vijarida vya Waswahili wa kule vilimchapisha miaka mingi, na makala zilizokataliwa alizitoa nakala kwa pesa zake akawagawia watu msikitini na arusini.

Baba alikuwa mtu wa kufikiri na mtu wa kusema. Sijui jambo ambalo hakuwa na rai nalo. Aliandika kwamba arusi zetu za siku saba zinawatia vijana madeni kabla hawajaanza maisha. Aliandika kwamba wahamiaji wenzake wanajenga maghorofa Nyali na Mtwapa yanayolaliwa na mlinzi peke yake, huku mama zao wamepanga chumba Majengo. Aliwakosoa Wakanada kwa kuwaweka wakimbizi korokoroni, akawakosoa wanasiasa wetu, akawakosoa masheikh wanaomwombea mtu kura juu ya mimbari. Kila makala mpya ilipotoka kuna mtu wa ukoo alinuna.

Iliyowasha moto zaidi ni ile ya kusafirisha maiti. Alisema pesa zinazochangwa kuleta mwili mmoja nyumbani zingesomesha yatima mpaka amalize sekondari, na kwamba ardhi yote ni ya Mungu, basi azikwe atakapofia. Watu walidhani ni maneno ya gazetini tu. Alipofariki, kaka zangu wakafuata alivyoandika. Shangazi, dada yake wa pekee, mpaka leo hajakubali. Anasema hana kaburi la kulizuru na kwamba gazeti limemnyang'anya ndugu yake.

Kaka zangu watakuja Disemba, shule zikifungwa, na familia imepanga hitima kubwa. Tumekubaliana kitolewe kijitabu cha kumkumbuka, na kazi nimepewa mimi, kwa sababu miaka ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia chapa: alinitumia picha za mwandiko wake kwa WhatsApp, nikazichapa usiku watoto wakilala. Nimeletewa pia makasha yake. Ndani mna vipande vya magazeti, madaftari, kanda za kaseti na barua.

Mwalimu, nilipofungua nikaona jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Baba alikuwa akizisoma upya makala zake za zamani na kuandika pembeni kwa kalamu ya kijani, na kutia tarehe. Kwenye kipande kimoja cha mwaka 1991 alikuwa ameandika kwamba msichana aolewe kwanza ndipo afikirie chuo. Pembeni, mwaka 2008, ameandika: "Sikubaliani na huyu tena. Binti yangu kanifundisha." Mimi ndiye huyo binti. Nilisoma nikiwa na mume na mtoto mgongoni, na siku zote nilidhani hakuona.

Sasa kila mtu ana lake. Kaka mkubwa anataka nitoe za masheikh na za siasa, nibakishe mashairi na nasaha kwa vijana, na pale penye maneno makali nilainishe. Ami anasema maiti hatajwi ila kwa mema, iwekwe picha, wasifu na dua, basi. Shangazi ameapa kwamba ile makala ya maiti ikiwemo yeye hatahudhuria. Kaka mdogo, ambaye Kiswahili anakisoma kwa shida, anataka vyote viwekwe mtandaoni kama vilivyo, hata nakala za barua ambazo baba alimwandikia ami kuhusu kiwanja cha Likoni, na humo mna maneno mazito sana.

Je, nikiyaacha maoni yake makali nitakuwa namvunjia heshima? Nikiyatoa, huyo nitakayemwandika atakuwa nani? Na wajukuu wake wa Toronto wasiojua Kiswahili watamsoma vipi?

Binti wa Mwandishi, Mombasa

*

Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu baba yako, awape subira nyote, na shangazi yako zaidi, maana yeye amefiwa kwa mbali na huo ni msiba wa peke yake.

Maoni yabaki. Nalisema hili mwanzo ili usisome jibu lote ukilisubiri. Barua za kiwanja zisichapishwe. Na shangazi apewe nafasi ndani ya kijitabu, si nje yake. Sasa nikueleze kwa nini, na namna ya kulifanya bila ya kuvunja ukoo.

Nianze na ami yako, kwa sababu neno lake ndilo zito na nadhani ndilo lililokufunga mikono. Anasema kweli. Tumefunzwa tuwataje maiti wetu kwa mema yao na tunyamazie mabaya yao. Lakini mwulize, kwa adabu na faraghani: rai ya mtu ni baya lake? Baba yako kusema arusi ziwe ndogo si aibu ya kusitiriwa. Kusema mimbari si jukwaa la kampeni si dhambi iliyogunduliwa baada ya kufa. Aliisema akiwa hai, akaweka jina lake, na aliyetaka kumjibu alijua pa kumpata. Tukizitia rai zake katika fungu moja na aibu, tukafunika kombe mwanaharamu apite, basi sisi ndio tuliomtaja vibaya. Tutakuwa tumesema kwamba alichokipa asubuhi zake zote, akiwa ametoka kubeba vifurushi usiku kucha, kilikuwa kosa.

Mji wako unalijua jambo hili vizuri. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Hakuwapapasa wasomaji wake. Aliwakemea kwa kulala katika elimu, na kwa kuiga ya Wazungu yasiyowafaa huku wakiyaacha yanayowafaa. Alifariki mwaka 1947. Waliompenda hawakumwekea wasifu na picha tu: makala zake zilizokusanywa katika kitabu cha Uwongozi hazikuachwa zipotee, na mwaka 2017 sehemu yake ikachapishwa tena, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mtu wa leo anaweza kuzisoma na kubishana nazo. Mimi mwenyewe katika baadhi yake sikubaliani naye hata kidogo, na kila nikizirudia namheshimu zaidi.

Mwanawe, Ali Mazrui, aliyekuja kuwa profesa wa siasa, alikuwa na miaka 14 babake alipofariki. Huyu ndiye ninayetaka ukae naye kidogo, kwa kuwa maisha yake yanafanana na ya baba yako kwa lile unaloniuliza: mtu wa Mombasa, mhamiaji, aliyefikiri kwa sauti ya juu. Shule haikumpa matokeo ya kuingia Makerere. Akafika Manchester, Columbia na Oxford kwa njia nyingine, akarudi kuifundisha Makerere hiyohiyo. Mwaka 1966, mwaka aliopinduliwa Nkrumah, rais wa Ghana, aliandika katika jarida la Transition la Kampala makala iliyomwita Nkrumah mfalme wa Kirusi mwenye mafunzo ya Lenin. Fikiria hasira ya vijana ambao Nkrumah alikuwa kila kitu kwao. Mwaka 1970 akasimama Makerere kujadiliana na Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, na wasomi wazee wa pande hizi bado wanautaja mjadala ule. Mwaka 1973 akaiacha Uganda ya Idi Amin, na Marekani ikawa makazi yake, kwanza Michigan na kisha Binghamton, jimbo la New York.

Kule pia hakunyamaza. Mwaka 1986 alitoa kipindi cha televisheni cha sehemu 9 kuhusu Afrika na urithi wake wa namna tatu: wa wenyewe, wa Kiislamu na wa Magharibi. Mfuko wa serikali ya Marekani ulikuwa umechangia fedha, na mkuu wake, Lynne Cheney, alipokitazama akataka jina la mfuko liondolewe, kwa hoja kwamba kinaishambulia Magharibi. Huku Afrika nako Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, alikikosoa kwa sababu zake tofauti, wakajibizana kwa maandishi maneno ambayo wengi wetu tusingethubutu kumwambia jirani.

Alifariki tarehe 12 Oktoba 2014 akiwa na miaka 81, mwili ukaletwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya jamaa zake karibu na Fort Jesus. Lakini kinachokuhusu wewe kilitendeka miaka 10 hivi kabla ya hapo. Jamaa yake Alamin Mazrui, mwandishi ambaye mwenyewe alifungwa enzi za Moi kwa ajili ya fikra zake, pamoja na Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, walihariri vitabu vya mijadala ya Ali na wakosoaji wake. Waliompinga wamo, kwa majina yao na kwa hoja zao. Hawa walikuwa watu wanaompenda! Wangeweza kukusanya sifa tupu. Walijua kwamba mtu mwenye rai, ukimtenga na waliobishana naye, unabaki na nusu ya mazungumzo, msomaji asielewe kwa nini sauti ilikuwa juu.

Nifanye hivyohivyo, utaniuliza, katika kijitabu cha hitima? Ndiyo, kwa kipimo chake.

Chukua ile makala ya kusafirisha maiti. Iweke nzima, na tarehe yake. Kisha kaa na shangazi, uwashe simu irekodi, umwombe amjibu ndugu yake. Usimwombe asamehe, wala usimweleze kwamba marehemu alikuwa na hoja. Mwache aseme: kwamba pesa za yatima zingepatikana na mwili ukaletwa vilevile, kwamba kaburi si la maiti peke yake, ni la dada yake anayetaka mahali pa kukaa Ijumaa asubuhi amsomee Yasin. Anaweza hata kukutolea mfano wa Mazrui mwenyewe, aliyeishi Marekani miaka ipatayo 40 na bado akarudishwa, na mfano huo atakuwa na haki nao. Uyaandike maneno yake kama alivyoyatamka, kwa Kimvita chake, bila ya kuyasafisha. Yachapishe ukurasa unaofuata, kwa herufi zilezile, kwa nafasi ileile aliyopewa marehemu. Umwambie mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa. Nadhani alichokosa shangazi yako ni zamu ya kusema. Ndugu yake alikuwa na gazeti. Yeye hakuwa na kitu.

Ikiwa atakataa, usimshurutishe. Chapisha makala, na kabla yake andika kwa sentensi mbili kwamba dada yake hakukubaliana na rai hii na hajakubaliana nayo mpaka leo. Hilo nalo ni kumheshimu.

Kwa kaka yako mkubwa nina maneno makali kidogo, na umfikishie kwa upole wako. Kuchagua ni halali, kulainisha si halali. Kijitabu ni kidogo, huwezi kutia kila kitu, na mtu aliyeandika miaka mingi hujirudia. Kama ana makala tano za arusi, moja inatosha, ile iliyo bora. Sahihisha makosa ya chapa, basi. Ukikata aya, weka nukta tatu pale ulipokata ili msomaji ajue. Lakini usiliguse neno lake kali ukaweka la kwako laini. Aliyesema "wezi" asisomeke amesema "wenye mapungufu". Huyo atakuwa kaka yako anayezungumza kwa kinywa cha baba yenu, naye kaka yako, kama ana rai yake, anayo karatasi na kalamu.

Ninajua wasiwasi wake. Anaogopa masheikh watakaohudhuria, waliokosolewa, watakula pilau na kusoma kurasa zile hapohapo. Basi andika juu ya makala hiyo ilikuwa mwaka gani, uchaguzi gani, na nini kilikuwa kimetokea. Rai iliyong'olewa kutoka kwenye tukio lake husomeka kama kumtukana kila mtu wa kila wakati; ikirudishwa kwenye tukio lake inakuwa ya haki zaidi, kwake na kwa waliokosolewa.

Na nakuomba sana, tia angalau makala moja ambayo wewe mwenyewe unaona hakuwa na haki. Usiiombee radhi. Watu waliomfahamu watamjua hapo kuliko katika nasaha zote kwa vijana.

Sasa ile kalamu ya kijani. Mwanangu, hiyo ndiyo hazina ya makasha yale. Watu wengi wenye rai nyingi hufa na sifa ya ukaidi, kwa sababu walipobadilika walibadilika kimyakimya. Ali Mazrui alikuwa na bahati: yule yule aliyemwita Nkrumah maneno yale mwaka 1966 alialikwa Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, mwaka 2002 kutoa mihadhara kuhusu urithi wa Nkrumah, na dunia ikaona jinsi fikra zake zilivyozunguka na kupanuka. Baba yako hakualikwa popote. Alijijibu pembeni mwa karatasi, peke yake, na akatia tarehe kama mtu anayetarajia kwamba siku moja kuna atakayesoma. Basi kipande cha 1991 kichapishe kwa picha, si kwa maneno tu: safu ya gazeti na mwandiko wa pembeni, vionekane pamoja. Usikiondoe kile cha 1991 kwa sababu alikikana. Bila ya hicho, maneno ya 2008 hayana uzito. Kama humo unatajwa wewe, ni hiari yako kusema chini ya picha kwamba binti ni wewe. Mimi ningesema.

Barua za kiwanja ni jambo jingine kabisa, na hapa ami yako ana haki yote. Makala aliiandikia umma. Barua ya ndugu kwa ndugu, iliyoandikwa kwa hasira, haikuwa na msomaji ila mmoja, naye yu hai. Kaka mdogo asiziweke mtandaoni. Zaidi ya adabu kuna sheria: hakimiliki ya maandishi ya marehemu huenda kwa warithi wake na hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo hapa Kenya, na Kanada sasa ni miaka 70. Maana yake hakuna mrithi mmoja wa kuamka asubuhi akachapisha kwa niaba ya wote. Andikeni hati fupi, mtie saini warithi wote, iseme nani anaangalia maandishi na lipi linahitaji ridhaa ya kila mtu.

Lakini barua msizichome pia. Najua kuna atakayependekeza. Zitieni katika bahasha, mwandike juu yake ni za nini, na kwamba zisifunguliwe mpaka wote waliotajwa wawe wametangulia mbele ya haki. Makavazi na maktaba nyingi hupokea karatasi kwa sharti la namna hiyo. Mkifika mahali pa kuamua makasha yakae wapi, ulizeni kwanza palepale Mombasa katika taasisi ya utafiti wa Kiswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mkusanyo mkubwa wa Afrika Mashariki katika maktaba yake, na SOAS, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika, ina hati nyingi za Kiswahili za pwani yetu. Msione haya kwamba baba yenu hakuwa na jina. Mtafiti atakayetaka kujua Mswahili wa bohari la vifurushi aliifikiriaje dunia miaka ya tisini hatampata kwenye vitabu vya maprofesa.

Kuna kazi isiyongoja Disemba, nayo ni kaseti. Utepe huharibika, na hewa ya Mombasa haina huruma nao. Tafuta fundi mwenye mashine nzima azihamishie kwenye kompyuta sasa, na kanda zenyewe uzihifadhi. Vipande vya magazeti vipige picha mchana, karibu na dirisha, pande zote mbili, maana nyuma mara nyingi kuna tarehe au tangazo linaloitambulisha siku. Toa pini zenye kutu. Usigandishe kwa gundi wala usivitie kwenye plastiki ya kubana kwa moto. Hilo halifumuliki tena.

Wasifu wenyewe uwe mfupi, lakini usiwe wa kunakili kutoka tanzia za watu wengine. "Alikuwa mcheshi, mpenda watu na msaada kwa jamii" imeandikwa juu ya maelfu, na haimtambulishi hata mmoja. Mnaomjua huku Mombasa mnamjua kwa makala na kwa simu ya Jumapili. Kuna baba mwingine kule ambaye hamkumwona, na kaka zako wawaulize watu waliokaa naye: wenzake wa zamu ya usiku, wageni waliofika bila ya kujua mtu, jirani asiyejua kwamba alikuwa akiandika. Nitashangaa kama mtu wa namna hii hakuwa akiwajazia wenzake fomu za uhamiaji mezani jikoni, huku akiwahubiria. Wakikupa jambo moja kama hilo, lenye mahali na saa yake, litaeleza ukarimu wake kuliko kurasa za sifa. Na kama kule walimwona mkali na mgumu kuzoeleka, liandike pia, kwa ufupi.

Sikuelewa vizuri katika barua yako kama alikuwa na desturi ya kuwaandikia nyote barua za mwaka. Ali Mazrui alikuwa nayo: kila mwaka aliwatumia jamaa na marafiki waraka mrefu wa habari za familia, safari na mabishano yake. Kama baba yako aliacha kitu cha aina hiyo, hata sauti ndefu za WhatsApp za sikukuu, zipange kwa mfuatano wa miaka. Humo ndimo mtu anamosikika akiwa baba na akiwa mwandishi kwa wakati mmoja.

Kuhusu wajukuu, fuata mfano wa Uwongozi uliochapishwa 2017: Kiswahili na Kiingereza ndani ya kitabu kimoja. Si lazima kijitabu chote, makala mbili zinatosha kwa sasa. Tafsiri muifanye wewe na kaka mdogo pamoja, kwa simu, sentensi kwa sentensi. Yeye ana Kiingereza, wewe una Kiswahili cha baba, na nina hakika kwamba akishaipitia makala moja kwa namna hiyo hatakuwa tena na haraka ya kumwaga kila kitu mtandaoni. Mtu anataka kuonyesha vyote akiwa hajavisoma. Halafu mmoja wa wajukuu asome kwa Kiingereza siku ya hitima, baada ya dua, mbele ya wazee.

Utaniambia ukoo hautakubaliana juu ya kila ukurasa. Hautakubaliana, na hakuna ubaya. Lakini mpangilio wa mazungumzo utakusaidia. Nenda kwa shangazi kwanza, kaka zako wakiwa bado hawajatua, ili asione kwamba mambo yalipangwa uwanja wa ndege. Ami mfuate baadaye, na bahasha ya barua za kiwanja iwe mkononi mwako, imefungwa, imetiwa saini na warithi. Mwonyeshe kabla hujamwomba chochote. Akishaona kwamba heshima yake imelindwa, mpe makala ya masheikh aisome mwenyewe mbele yako, kisha umwulize kama angependa kuandika aya moja ya kumjibu ndugu yake.